Upande wa Slaidi Usiong'aa

Kabla sijawafundisha chochote, mjue kwanza mnaongea na mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akiniambia picha imetoka nzuri na filamu bado haijasafishwa, namshuku. Akinipa salamu nyingi kuliko kawaida, namshuku zaidi. Nilikuwa dereva wa gari la kilimo hapa Nachingwea mpaka nikastaafu, na miaka yote hiyo mkono mmoja ulishika usukani na mwingine ukashika kamera, ila si kwa wakati mmoja, msije mkanishitaki. Hakuna aliyeniajiri kupiga picha. Nilipiga kwa kupenda tu, na nilipiga kwa filamu ya slaidi, ambayo ni filamu isiyo na huruma hata kidogo.

Sasa ninyi mmekuja barazani kwangu na kamera za mitumba mlizozinunua kupitia simu, mnaniita babu noma, mnataka mjue siri. Nashuku hamtafika filamu ya tatu. Lakini mmekuja, mmekaa, chai mmekunywa, basi sikilizeni.

Filamu ya kawaida ukiisafisha unapata negativu, cheupe kinakuwa cheusi na cheusi kinakuwa cheupe, halafu ndiyo unachapa picha kwenye karatasi. Slaidi haina habari hizo. Kipande kilekile kilichokaa ndani ya kamera ndicho picha yenyewe, na rangi zake halisi. Kinakatwa, kinawekwa kwenye fremu ndogo ya karatasi ngumu au plastiki, imekwisha. Ukikiinua juani unamwona mtu mzima ndani ya kitu kidogo kuliko kiberiti. Ukitaka wengi waone, unakitia kwenye projekta, taa inakipiga kwa nyuma, picha inatokea kubwa kwenye shuka. Nakala ya kumpa mtu hakuna, na hapo ndipo matatizo yangu yote na binadamu yalipoanzia.

Filamu zenyewe nilizipata kwa bahati. Kulikuwa na mradi wa kupambana na ubwiri unga, ule ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho. Wataalamu walikuwa na slaidi za maua mazima na maua yaliyougua, tunazunguka nazo vijijini kuwaonyesha wakulima wakati wa kupuliza salfa. Mtaalamu anaongea, mimi naendesha gari, nawasha jenereta, natandaza shuka na kutia slaidi. Mradi ulipokwisha zikabaki filamu kabatini, zimepitwa na muda, hakuna anayezitaka. Projekta ilikuwa na ufa. Nikamwomba mkuu wangu, akasema chukua. Nikamwomba arudie kusema mbele ya watu wawili, kwa sababu nilishuku siku moja mtu angekuja kuniuliza. Na alikuja kweli.

Aliyenifundisha kupima mwanga ni Mzee Bakari, aliyekuwa na studio mjini, kachumba kenye pazia la bluu na kiti kimoja cha kukalia wateja. Yeye hakupiga slaidi, alisema ni filamu ya matajiri na wapumbavu. Lakini mwanga aliujua. Nilimpelekea filamu yangu ya kwanza, niliyoipiga Marambo siku ya Idi watu wakitoka kuswali. Kanzu zote zilitoka safi, unahesabu mpaka mikunjo. Nyuso hazikuwepo. Kanzu zilikuwa zinatembea barabarani zenyewe, na kofia zikielea juu yake.

"Mita yako ya mwanga imeangalia kanzu," Mzee Bakari akaniambia. "Imeona weupe mwingi, ikaogopa, ikabana mwanga. Mita ni mashine, bwana. Haijui kama ulitaka kupiga nguo au mtu."

Nilikosa akili nikazionyesha slaidi zile Marambo kwenye shuka. Watu walizitazama zote mpaka ya mwisho. Halafu mzee mmoja wa mbele akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa dereva, vichwa vyetu umevipeleka wapi?" Alikuwa hatanii. Niliondoka kurudi Nachingwea gari likiwa limezungukwa na watu waliotaka jibu, na jibu la mita na kanzu hawakulinunua.

Kwa hiyo shikeni hili. Msipime nguo wala msipime uso kwa mbali. Geuza kiganja chako kwenye jua lilelile linalompiga yule mtu, pima kiganja, halafu fungua tundu la lenzi nusu hatua, usizidi. Slaidi ikizidiwa na mwanga imeungua, hakuna fundi wa kuirudisha. Ikipungukiwa kidogo, rangi inakolea, na udongo wetu mwekundu wa huku unakuwa mwekundu hasa. Jua la saa sita liacheni lipite. Tafuteni kivuli, mle, mlale, mrudi jioni.

La pili ni kusafisha. Filamu zangu zilikwenda Dar kwa basi, zikarudi kwa basi, na katikati hapo sikuamini mtu. Safari moja nilifungua boksi nikakuta harusi ya watu nisiowajua, bibi harusi ananitazama kwa hasira kama vile mimi ndiye niliyechelewa. Tangu hapo picha ya kwanza ya kila filamu nilipiga mguu wangu wa kushoto ndani ya kandambili. Boksi likirudi natafuta mguu kwanza. Nikikuta mguu wangu, zilizobaki ni zangu. Mnacheka, lakini nyumbani nina miguu mingi kuliko mtu yeyote wa wilaya hii.

La tatu ni kuhifadhi. Masika huku yanakula slaidi. Kuvu inaingia taratibu, inachora mizizi juu ya uso wa mtu. Mimi natumia kopo la maziwa, chini mchele uliokaangwa bila mafuta mpaka ukabadilika rangi, juu kitambaa, halafu slaidi. Kila mwaka mvua zikikaribia unabadilisha mchele. Ule wa zamani usiwape kuku, sijui kwa nini, ila mke wangu aliwapa na sikupenda walivyonitazama.

La nne ndilo lililonitesa, nalo ni pande. Slaidi ina upande unaong'aa na upande usiong'aa. Kwenye projekta unaitia kichwa chini, na upande usiong'aa unatazama shuka. Ile ya kichwa chini peke yake ilitosha kunitia matatani, maana wanakijiji waliokuwa wamekaa nyuma yangu waliona ninavyoshika vijitu vyao na kuvipindua miguu juu. Lakini kichwa chini ukikosea unajua palepale. Ukikosea upande, hujui. Mtu yupo, mti upo, rangi zipo, ila kulia kumekuwa kushoto. Kwa hiyo kila slaidi yangu niliiwekea nukta nyekundu kwenye pembe ya fremu. Ukiishika nukta ikakaa chini ya dole gumba la kulia, tia bila wasiwasi.

Sasa niwaambie habari ya Bi Somoe, na mtaona kwa nini nimewachosha na nukta.

Baba yake alikuwa Mzee Mussa wa Narung'ombe, kule Ruangwa, mkulima wa korosho na ufuta, mtu wa maneno machache. Siku moja tulipita kwake na gari. Alikuwa ameita watu wamsaidie kupalilia chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka, na tulifika wakiwa wanakula, mkeka umetandikwa, ugali wa mtama na mbaazi katikati. Mtaalamu wangu akashuka kunawa mikono. Mimi nikabaki barabarani na kamera. Mbele yangu njia ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kichuguu kikubwa, na mkeka ulikuwa kando ya njia. Nikapima kiganja, nikangoja, Mzee Mussa akanyanyua tonge kinywani, nikabonyeza.

Somoe alikuwa msichana, ameshika birika la kunawia. Aliniona. "Picha utaileta lini?" akaniuliza. Nikamwambia ikitoka nitaileta.

Ilitoka. Nawaambia bila aibu kwamba ni slaidi bora niliyowahi kupiga. Jua la alasiri limepita chini ya matawi, kofia ya Mzee Mussa imeshika mwanga, unaona mpaka mvuke wa ugali. Lakini boksi liliporudi kutoka Dar, mvua zilikuwa zimekata barabara, na barabara ilipofunguka Mzee Mussa alikuwa ameshazikwa. Homa ya siku chache. Nilikwenda msibani na slaidi mfukoni nikashindwa kuitoa. Nitampa nani kipande cha plastiki chenye marehemu ndani yake, wakati kuna mtu nyuma yangu alikuwa anasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba dereva alimchukua sura na haikupita masika?

Somoe alisikia maneno yale. Akaolewa Naipingo, upande wetu wa Nachingwea, kwa hiyo tukawa tunakutana sokoni miaka na miaka. Mimi ni mkubwa kwake, alipaswa kuniamkia. Hajawahi. Ananiona, anahamisha kapu upande wa pili, anapita. Mimi ninayemshuku kila mtu nilijua kabisa ninavyoshukiwa, na iliniuma, sitawaficha.

Majuzi haya, mimi nimeshastaafu na nywele zimeisha, nikasikia hodi uani. Ni Bi Somoe, mjane sasa, vumbi la safari mpaka magotini.

"Karibu, dada. Kaa."

"Sikai. Nimefuata sura ya baba. Ile uliyoichukua ukaondoka nayo."

"Ninayo."

"Najua unayo. Ndiyo maana nimekuja."

Shida yake ilikuwa hii. Mzee Mussa na mdogo wake walirithi shamba moja wakaligawa, na mpaka wao ulikuwa ile njia inayokwenda kwenye kichuguu. Ukisimama barabarani, kushoto kwa njia ni upande wa kisimani, udongo mzito, mikorosho mikubwa inayozaa mpaka leo. Kulia ni upande wa makorongo, udongo mwembamba, miti imekufa. Bi Somoe alisema kushoto ni kwa baba yake. Lakini alikuwa ameishi Naipingo kwa mumewe, na siku zote hizo aliyetunza na kuvuna kote kuwili ni yule mdogo, na alipokufa, mwanawe Selemani, binamu yake Bi Somoe. Sasa kijiji kilikuwa kinapima mashamba watu wapewe hati. Selemani akasema kushoto ni kwa baba yake yeye, dada achukue makorongo. Wazee walioshuhudia mgawo wamekufa. Waliobaki ni majirani wa Selemani, na kila mmoja alikuwa ghafla amesahau. Hati ikishaandikwa, Bi Somoe angebaki na makorongo na hana kwingine pa kwenda, kwa sababu kwa marehemu mumewe walishamwonyesha mlango.

"Kwenye picha baba kakaa upande gani wa njia?" akaniuliza.

Swali lake lilikuwa na akili. Huku kwetu ukiita watu wakusaidie, unawalisha ndani ya shamba lako. Huwezi kutandika mkeka kwa jirani, hata kama jirani ni ndugu yako tumbo moja, maana utakuwa umemwambia wewe huna pa kukalisha watu. Ulipo mkeka ndipo kwa mwenyewe. Kila mtu wa Narung'ombe analijua hilo bila kuambiwa.

Nilitoa kopo. Fremu ya karatasi ilikuwa imevimba na kuachia, picha yenyewe nzima. Nikaiinua juani. Njia niliiona, mkeka niliuona, mzee nilimwona. Lakini macho yangu siku hizi yanaona mtu, hayaoni mkono, na fremu yenye nukta ikiwa imeachia sikuthubutu kusema kitu. Kumbukumbu yangu pia siiamini. Nikamwambia, "Tutaiona kwenye shuka, mbele ya baraza, siyo mdomoni mwangu." Hakupenda. Alidhani namzungusha.

Balbu ya projekta ilikuwa imebaki moja, ya mwisho, kwa hiyo sikujaribu nyumbani. Na fremu ilihitaji kubadilishwa, mikono yangu inatetemeka. Nikiwa njiani kwenda Narung'ombe nikapita Ruangwa mjini kwa kijana mmoja mwenye studio, ambaye nilisikia ana fremu za plastiki. Nikampa. "Mzee wangu usikonde, hii ndogo sana," akasema.

Nikakaa kwenye benchi nje kumsubiri. Ndani, kwenye kona ya kuchajia simu, alikuwepo Selemani. Alitoka akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniita baba mkubwa, akauliza hali ya mke wangu, ya mguu wangu, ya paa langu. Sijawahi kuulizwa habari za paa na mtu ninayekwenda kumletea matatizo. Kijana akatoka na slaidi ndani ya fremu mpya nyeupe. "Nukta yako nyekundu nimeshaihamishia, mzee, kama ile ya zamani." Nikaona nukta nikatulia. Naomba mlikumbuke hilo kuliko yote niliyowaambia leo, kwamba mtu wa kushuku alimshuku Selemani, akaushuku mkono wake, akalishuku paa lake mwenyewe, halafu akaiamini nukta.

Kwenye ofisi ya kijiji walikuwa wameziba madirisha kwa mikeka ili kuwe na giza. Shuka likatundikwa ukutani. Mwenyekiti wa baraza la ardhi alikaa mbele na wajumbe wake, mmoja wao mwalimu wa madrasa, mzee mwenye fimbo. Selemani alikaa karibu na mlango. Bi Somoe alikaa chini, mbele kabisa, mikono imeshika magoti. Nilimwambia mwenyekiti balbu ni ya mwisho, waangalie vizuri. Nikashika slaidi, nukta chini ya dole gumba, nikatia.

Watu wakavuta pumzi. Mzee Mussa alikuwa pale, mkubwa kuliko alivyokuwa hai, tonge karibu na mdomo. Wenzake wameinamia sahani. Nyuma, njia na kichuguu, kichuguu ambacho kila mtu chumbani alikuwa amekipita asubuhi ile.

Mkeka ulikuwa kulia kwa njia.

Mwenyekiti alisimama akaenda mpaka karibu na shuka, akaangalia, akarudi kukaa. "Bi Somoe," akasema taratibu, "umeomba picha, picha ndiyo hiyo. Mzee Mussa kalisha watu upande wa makorongo." Niligeuka kumtazama Selemani mlangoni. Mtu aliyeshinda kitu kikubwa namna ile huwa anapumua kwa nguvu, au anamshukuru Mungu. Yeye alikuwa anaangalia simu yake.

Bi Somoe alinyanyuka polepole.

"Huyu siyo baba yangu," akasema.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akamwambia mama, hata kama umeumia, baba yako tunamjua.

"Sura ya baba, kofia ya baba. Lakini siyo yeye. Huyu anakula kwa nkono wa kushoto." Akanigeukia mimi. "Baba hakuwa ntu wa kula kwa kushoto. Alipodondoka kwenye nkorosho akavunjika nkono wa kulia, mama ndiye alinlisha mwezi mzima, kama ntoto nchanga, na kushoto kuzima kupo. Wewe dereva umetengeneza ntu mwingine."

Mtu wa nyuma akacheka akasema labda siku hiyo mkono uliuma. Wengine wakaanza kucheka naye. Mimi sikucheka. Niliangalia wenzake Mzee Mussa. Mmoja mkono wake ulikuwa ndani ya sahani, wa kushoto. Mwingine alikuwa anachovya mboga, wa kushoto. Birika la Somoe liko upande ambao halikuwepo siku ile.

Nikaitoa slaidi. Nikaitembeza kwenye mwanga wa balbu, nikaigusa ukingo kwa kucha, nikapata upande usiong'aa. Ulikuwa unanitazama mimi, badala ya kutazama shuka. Fremu mpya ilikuwa imevishwa kinyume, na nukta nyekundu imewekwa vizuri kabisa mahali pasipo pake. Nikaigeuza nikaitia tena. Mzee Mussa akatokea tonge likiwa mkono wa kulia, na mkeka umehamia kushoto, upande wa kisimani.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Selemani alipata sauti. "Mwenyekiti, hii mashine gani inahamisha mashamba ya watu? Akiigeuza mara ya tatu si itatupeleka Mtwara?" Na mwenyekiti, ambaye sikumlaumu, akaniuliza, "Dereva, mbona mwanzo uliiweka vile? Nani kakutuma?" Nilieleza habari ya upande unaong'aa na usiong'aa mpaka koo likakauka. Niliona nyuso zao. Zilikuwa nyuso za Marambo siku ya kanzu. Mimi ninayemshuku kila mtu, nilikuwa nashukiwa na chumba kizima, na Bi Somoe akiwa wa kwanza.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa madrasa. Aligonga sakafu kwa fimbo. "Mashine siijui," akasema, "na dereva simjui sana. Nawajua watu wa mkeka ule, wawili niliwasomesha mwenyewe. Picha ya kwanza wote wanakula kushoto. Wote, hata mmoja hakusahau akala kulia. Mmewahi kuona mkeka wa namna hiyo Narung'ombe?"

Halafu mtu akacheka, safari hii kwa namna nyingine, na mwenyekiti akafuta macho kwa kiganja. Akamwuliza Selemani kama anaweza kumtaja mtu mmoja wa mkeka ule aliyekula kushoto. Selemani akasema hakuwa amezaliwa. Balbu ikazimika palepale, ikatoa harufu ya kuungua, na sijapata nyingine hadi leo. Lakini walikuwa wameona. Kabla ya adhuhuri wakatoka wote kwenda shambani kusimika mikonge ya mpaka kufuata njia ya zamani, kushoto kwa Bi Somoe, kulia kwa Selemani.

Mtaniuliza kuhusu yule kijana wa studio. Nilipita kwake wakati wa kurudi nikamwuliza kwa nini aligeuza. Akanitazama kwa macho meupe kabisa. "Mzee wangu, pande zote si zinaonyesha picha ileile?" Inawezekana hakujua. Ninyi wenyewe hapa mlikuwa hamjui mpaka leo. Inawezekana pia kuna mtu alijua, akakaa naye kwenye kona ya kuchajia simu akamwambia. Sina ushahidi, na kuulizia paa langu hakutoshi kumtuhumu mtu. Lakini siku hizi nukta naweka mwenyewe, na naiweka juu ya filamu, pembeni, siyo kwenye fremu.

Kuna kitu nimekiruka. Wakati wengine wanakwenda shambani, mimi nilikuwa nakunja waya nje ya ofisi. Bi Somoe akaja akasimama mbele yangu na mkono umenyooka.

"Nipe."

Nikampa slaidi. Hakuondoka. "Na ile nyingine."

"Ipi nyingine?"

"Ile anayokula kushoto. Sitaki ntu aje kuitumia nikishakufa."

Nikamwambia hakuna nyingine, ni hiyohiyo moja. Alinitazama kwa macho yaleyale ya sokoni. Basi nikamwonyesha. Nikamwambia ainue juani, afumbe jicho moja, halafu aigeuze. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Tonge likawa linahama mkono mmoja kwenda mwingine, na kila likirudi kulia alikuwa anasimama kidogo. Aliponielewa alisema nimwekee alama. Nikatoa kalamu yangu nyekundu. Akainyang'anya mkononi.

"Naweka mwenyewe," akasema.

Akaweka nukta, akapuliza ikauke, akainua tena juani kuhakikisha. Jicho moja limefumbwa, uso umekunjamana kwa mwanga. Akakaa hivyo muda mrefu, na mimi nikarudi kwenye waya wangu.

"Shikamoo," akasema.

Nilingoja salamu ile tangu akiwa msichana wa birika. Nikasema marahaba haraka haraka kabla hajaghairi, nikanyanyua kichwa. Bado alikuwa na slaidi juani, hakunigeukia hata kidogo, na machozi yalikuwa yanamtoka kwenye lile jicho lililo wazi.

Nikaendelea kukunja waya.